Maua Yaliyoanguka Kati ya Matuta

Imelda mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua. Umelala ndani na mdogo wako Desi, na mfuko wako umeuegemeza mlangoni ili usiusahau. Hali yangu nayo unaijua. Niko huku nje kwenye bani la kukaushia tumbaku, nachochea moto, na daftari la Desi liko gotini. Nimechana kurasa za katikati. Asubuhi atanuna, mwache anune.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa wala za kufunga hela kwenye pindo la kitenge. Hayo unayajua kunishinda. Nakuandikia lile lililonikaa kooni jioni nikashindwa kulisema, nikaishia kumkaripia mbuzi. Kesho unakwenda Ikola kwa Shangazi yako, na mimi sitaki uende. Sitaki kabisa, Imelda. Nimekaa hapa natafuta maneno ya kukuzuia, na kila ninalolipata naona sina uso wa kulisema.

Ningemlaumu Mama Zipora kwa kuleta habari, lakini huyo mama nikimlaumu nitakuwa nimekosa shukrani mara mbili. Alikuja na dagaa zake kama kawaida, akashusha beseni, akasema kabla hajapumua, "Shangazi yenu kapooza. Upande wa kushoto wote umekufa, hata kujigeuza hawezi. Wamemletea kasichana ka ukoo kamhudumie, kadogo, hata meno ya mbele hakana."

Nikasema pole, nikaendelea kufunga majani kwenye fito. Wewe ulikuwa pale ukutani unamwagilia maua yako. Ukauliza bila kugeuka, "Huyo mtoto anacheza?"

Mama Zipora akafikiri. "Hachezi. Ye anakaa tu mlangoni. Ukimsalimia anaangalia chini."

"Na mkono wa kulia wa Shangazi?"

"Huo mzima. Huo uko sawasawa."

Sote watatu tunaujua mkono ule. Ndipo ulipoweka kopo chini ukasema, "Nitaenda." Na mimi, mama yako, neno la kwanza kunitoka likawa, "Uende, na hii tumbaku nani atanisaidia?"

Tumbaku. Yaani baada ya yote yaliyotupata, bado mdomo wangu unakimbilia tumbaku.

Ngoja nichochee moto, narudi.

Imelda, ulikwenda Ikola mara ya kwanza kwa sababu yangu. Umekua ukisikia watu wakisema ni desturi, kwamba mtoto ni wa upande wa baba, na shangazi akimtaka hanyimwi. Ni kweli, desturi hiyo ipo. Baba yako alikuwa hajamaliza hata kuombolezwa, Desi ananyonya, na Shangazi yako akaja msibani amevaa vizuri kuliko sisi sote. Mumewe alikuwa na mitumbwi, na yeye alikuwa na chanja za kuanikia dagaa ufuoni. Akasema, "Nipeni Imelda anishikie mtoto. Kule atakula samaki mpaka achoke." Wazee wakaitikia. Lakini ulimi ulikuwa wangu na ningeweza kuutumia. Ningesema mtoto hana nguvu, ningesema subirini avune na mama yake, uongo wowote. Nilinyamaza kwa sababu moyoni nilihesabu midomo ya kulisha, nikaona mmoja umepungua. Ulikuwa una miaka saba. Uliniangalia kutoka juu ya lori, nami nikakupungia mkono nikitabasamu, nikidhani nakutia moyo.

Sasa nikueleze neno ambalo hujawahi kulisikia chimbuko lake.

Mwaka tuliokimbia Burundi nilikuwa mdogo kuliko wewe siku ile ya lori. Tulijificha kwenye majani marefu kando ya njia, mama yangu amenibana kwapani. Mwiba ulikuwa umenizama kisiginoni. Watu wenye mapanga walikuwa wanapita, tunaona miguu yao. Nilifungua mdomo nilie, na mama akanong'ona sikioni mwangu, "Ihangane, mwana wanje. Ihangane." Vumilia, mwanangu. Nikaumeza ule uchungu na miguu ikapita. Kulikuwa na mtoto mwingine upande wa pili wa njia, hakuweza kuvumilia. Sitaandika zaidi.

Tangu siku ile niliamini kwamba neno hilo linaokoa. Tulipofikishwa hapa makazini, tukapewa jembe na kipande cha pori chenye simba, tukaambiana ihangane. Baba yako alipougua nilimwambia ihangane mpaka dakika ya mwisho. Watu wa makabila mengine wana dawa zao na ndumba zao. Sisi wakimbizi tulikuwa na neno hilo moja, tukalipaka kwenye kila kidonda.

Basi Mama Zipora alipokuja mara ya kwanza akaniambia, "Mama Imelda, mtoto wako kule hana raha, kamfuate," nilikuwa nimesimama hapa hapa, mbele ya mdomo wa bani hili. Nikamjibu, "Tumbaku iko motoni, nitaondokaje? Mwambie ihangane."

Akaja mara ya pili. Hakuwa na beseni. "Leo sikuja kuuza," akasema. "Nimekuja kwa ajili ya mtoto tu. Nyie mmemtupa?" Nilikasirika. Nilimwona mwanamke wa kujiingiza katika mambo ya ukoo wa watu. Nikamwambia Shangazi ni damu yake, atamzoea, mwambie mama yake amesema ihangane.

Na alikuambia. Hilo ndilo linaloniamsha usiku hadi leo.

Watu husema mvumilivu hula mbivu. Wewe ulivumilia, ukala nini?

Safari ya tatu Mama Zipora hakuniuliza. Alikupakia kwenye lori katikati ya magunia ya dagaa akakuleta, na Shangazi akaapa kumloga. Ulishuka hapo njiani ukiwa umevaa gauni lile lile ulilokwenda nalo, na lilikuwa bado linakutosha. Mtoto aliyekaa miaka mitatu, gauni bado linamtosha! Nikakukumbatia, nawe ukasimama kama ufito. Nikakuuliza umekula, kimya. Unaumwa, kimya. Ulikuwa unalala chini ya kitanda. Ulikuwa unaficha ugali kwenye nyasi za paa, tukajua kwa sababu ya panya. Majirani wakasema mtoto amekuwa bubu, wengine wakasema ana kiburi cha mjini, kana kwamba Ikola ni mji. Na hao wakanikumbusha ule msemo wao kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikausikiliza.

Ukafika msimu wa kuvunja maua. Kwa msomaji mwingine ningeeleza, kwako naandika kwa sababu nataka uone nilivyokuwa naona mimi. Mche wa tumbaku ukiachwa utoe ua, nguvu zote hupanda kwenye ua na majani yanabaki membamba. Kwa hiyo tunapita kwenye matuta, tunavunja kila ua kabla halijakaa sawa, tunalitupa chini, tunalikanyaga, mikono ikiwa myeusi kwa utomvu. Ni kazi nyepesi, ndiyo maana huwapa watoto. Nilikupa matuta yako. Niliporudi nikakuta hujavunja hata moja. Umesimama mbele ya mche, mikono nyuma, unaliangalia ua la pinki usawa wa uso wako.

"Vunja," nikasema.

Hukuvunja. Nikasema tena. Halafu nikachukua bua la tumbaku nikakuchapa mbele ya vibarua wote, miguuni na mgongoni, juu ya yale makovu mengine ambayo nilikuwa nimeyaona wakati wa kukuogesha na sikuuliza. Hukulia. Hukukimbia hata. Kibarua mmoja mwanamume ndiye aliyenishika mkono akaniambia, "Mama, basi. Huyu hayupo hapa." Nikalivunja ua lile mimi mwenyewe, nikalitupa.

Jioni nikakukuta umepiga magoti kati ya matuta, unaokota. Uliokota maua tuliyoyavunja, yale ambayo hayakukanyagwa, ukajaza gauni. Nilitaka kupiga kelele nikakosa nguvu. Ukayaleta nyumbani, ukayasimamisha kwenye kopo la mafuta ya kupikia, ukayatilia maji, ukaliweka chini ya kitanda ulikokuwa unalala. Asubuhi yakiwa yamesinyaa ukaokota mengine. Shamba zima tulikuwa tunavunja, na nyuma yetu kitoto kinakuja kinakusanya. Vibarua wakawa wanacheka, kisha wakawa wanakuwekea kando mazuri. Yule mwanamume aliyenishika mkono alikuwa anakuwekea kwenye kofia yake.

Na siku moja nikiwa napika maharage, nyuma yangu ikasikika sauti ya mkwaruzo kama ya mlango usiotumika: "Mama, maji yamekwisha."

Niligeuka. Umesimama na kopo. Nilitamani kupiga vigelegele, niite watu wote, na kitu fulani kikanizuia, nadhani ni Mungu. Nikasema tu, "Kachote kwenye mtungi." Ukaenda ukachota. Mimi nikabaki nalia kwenye maharage mpaka yakaungua, na Desi akasema maharage yana moshi.

Kuanzia hapo uliongea ukiwa na maua tu. Sijui kama unakumbuka hivyo. Ukiwa mikono mitupu, kimya. Ukishika udongo, maneno yanakuja, na mgongo umenigeuzia. Nilijifunza kukaa nyuma yako nikichambua mboga, nisiulize, nisigune. Ulipanda lile la manjano lenye harufu kali, mbegu ulizopewa kanisani, ukasema, "Kule nilikuwa nalala kwenye magunia." Ukanyamaza. Baada ya siku nyingi ukapanda lile jeupe la makaburini, ukasema, "Nilikuwa namwosha mtoto, akilia napigwa mimi." Ile bogonvilea uliyoomba tawi lake Mpanda mjini pale stesheni, ulipoichomeka ulisema habari ya mwiko uliotoka jikoni ukiwa wa moto. Watu wakipita hapa husema, "Mama Imelda, ukuta wako unapendeza." Naitikia asante. Wao wanaona maua. Mimi naujua ukuta ule kopo kwa kopo, na kila kopo najua lilipandwa juu ya nini.

Lile jekundu la mwisho, karibu na mlango, ndilo langu. Ulikuwa unashindilia udongo kwa vidole, ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama Zipora aliniambia mama kasema ihangane. Nikajua unataka ninyamaze. Nikanyamaza."

Ulitii, Imelda. Kumbe hukuwa bubu, ulikuwa unanitii.

Ulimaliza kupanda, ukanawa, ukaniuliza kama kuna chumvi. Sikujibu. Sijakujibu hadi leo. Mtu huwezi kusema samahani kwa neno kama lile, maana samahani nayo ni neno tu, na nilishaona maneno yangu yanafanya nini yakifika kwa mtoto. Nilichofanya ni kulimwagilia lile jekundu. Ukiwa shule, ukiwa kanisani unapamba altare, ukiwa unafunga mashada ya watu waliofiwa, lile nilikuwa nalimwagilia mwenyewe. Ulijua? Nadhani ulijua, maana hukuligusa.

Majirani walitutania kwamba maua hayaliwi. Lakini wakifiwa wanatuma mtoto hapa kabla hata ya kutafuta mbao za jeneza. Nimekuona ukiongea na wafiwa. Unawauliza marehemu alipenda rangi gani, na mtu aliyekuwa hawezi kufungua mdomo anafungua. Mara ya kwanza kukusikia unacheka kwa sauti, ulikuwa unabishana na katekista aliyesema waridi la plastiki linatosha kwa Pasaka. Nilisimama nje ya kigango nikasikiliza kicheko chako kama mtu anayeiba.

Sasa elewa ninavyoogopa. Kilichochukua miaka kuota, mkono mmoja mzima unaweza kukivunja kwa asubuhi moja. Na usinidanganye kwamba wewe ni mtu mzima sasa. Tangu Mama Zipora aondoke maneno yako yanapungua. Nakuhesabia. Jana ulimjibu Desi kwa kichwa. Leo jioni nimekuuliza mfukoni umeweka nini, ukanionyesha tu, vipandikizi umevifunga kwenye gunia bichi, kimoja kutoka kila kopo. Nikakuuliza vya nini. Ukakaa kimya mpaka nikadhani imeanza tena. Halafu ukasema, "Yule mtoto anahitaji kitu cha kutilia maji."



Nikuambie nilichofanya mlipolala. Niliingia nikafungua mfuko wako, nikatoa kibali chako cha kutoka makazini. Bila karatasi ile pale kwenye kizuizi cha barabarani wanakurudisha, na lori halisubiri mtu. Nikaja nacho hapa. Nikakipeleka kwenye mdomo wa bani mpaka kona ikaanza kujikunja. Ukikiangalia vizuri utaona alama ya hudhurungi, usidhani ni chai. Nilikuwa najiambia, atakasirika, atanuna mwaka mzima, lakini atakuwa hapa, anaongea. Nikafikiria yule mtoto mlangoni asiye na meno ya mbele. Nikafikiria kwamba mahali fulani ana mama, na mama huyo sasa hivi ana kazi fulani isiyoweza kuachwa, na ameshatuma neno lake. Nikakitoa. Kimo mfukoni mwako, nimekifunga tena na fundo lako lile lile.

Kwa hiyo sikuzuii. Sina haki, na hata ningekuwa nayo, wewe unakwenda kufanya lile ambalo mimi niliitwa mara mbili kulifanya nikakataa. Lakini nakuomba, kwa magoti, moja tu. Neno lile ulilopelekewa Ikola ukiwa mtoto, nalirudisha. Lile la mama yangu, lililoniokoa kwenye majani, lilikuwa la saa moja ya hatari, halikuwa la kuishi nalo. Nililibeba nikavuka nalo mpaka, nikakuvika wewe. Ukiinuliwa mkono, usivumilie. Piga kelele, Ikola nzima ikusikie. Mchukue huyo mtoto mkononi mtoke nje, mkakae kwa Mama Zipora hata kama mmeacha sufuria motoni. Wakisema huna adabu, waambie ndivyo mama yako alivyokufundisha, maana kuanzia leo ndivyo ninavyofundisha.

Nimesoma nilichoandika. Maneno yangu tena, yamefungwa vizuri, yanasubiri kupelekwa Ikola na mtu mwingine.

Moto umeshuka na sijainuka kuuchochea. Punda wa kubebeshwa tumbaku nimekuwa tangu baba yako afe, na kila mara mtoto wangu alipoitwa mimi nilikuwa hapa na huu moto. Majani ya ndani yako katikati ya kukauka, yakikosa joto sasa yatakuwa meusi, yote ya msimu. Nitamwamsha Desi. Nitamwonyesha kuni. Unamjua Desi, analala kama gogo, na tumbaku hii ina bahati mbaya. Akilala na ikawa nyeusi, iwe nyeusi.

Kibali sina. Nilikuwa sina mpango wa kwenda popote. Pengine pale kwenye kizuizi watanishusha. Nitawaeleza, wakikataa nitashuka, nitakwenda ofisini kuomba, nitapanda lori linalofuata. Wakinishusha, barua hii itakuwa mkononi mwako, uisome njiani, ujue mama yako yuko nyuma yako kwenye matope ya barabara ya Ikola, anakuja. Wasiponishusha, hutakuwa na haja ya kuisoma, nitakuwa hapo ubavuni, na ukitaka kunyamaza njia nzima unyamaze, mimi nitashika ule mfuko wa vipandikizi nisiuulize kitu.

Lile jekundu la mlangoni nimelikatia kipandikizi kingine, kikubwa kuliko ulichokata wewe. Hicho nitakipanda mwenyewe, mbele ya Shangazi yako, na nikikipanda nitasema. Sijui nitasema nini. Najua tu kwamba udongo ukiwa mkononi maneno huja, nimekuona.

Nasikia jogoo wa jirani, huyo naye ana haraka. Ukiona mwanamke ananuka moshi anapanda lori akiwa na viatu vya shambani, usishangae mbele za watu. Sogea kidogo tu, nami nipate pa kukaa.

Mama yako